Muvulana wa Tatu

Sura ya tano

Miguu ya yule mutoto ilikuwa safi. Inspecteur Kalala alimuambia apandishe suruali mpaka ku magoti, akamugeuza ku mwangaza wa dirisha kama vile mama anageuza kitambaa mu soko mbele ya kununua, akatazama mbele, akatazama nyuma. Mavumbi. Makovu ya kuanguka ku mawe. Upele kidogo. Lakini mahali moto ulipita, hakuna.

"Shusha," Kalala akasema. "Sasa tena, kuanzia mwanzo."

Mutoto akaanza. Jina yake Kakule Josaphat, miaka kumi na sita. Siku ya tano ya juma, jua linashuka, alisimamisha motard, mutu wa pikipiki, ku Maboya, akamuambia amupeleke Kabasha. Kufika mu kona ya mikaratusi, akatosha bunduki mu koti, akapiga mara mbili. Akabeba pikipiki, ikamushinda, akaiacha. Bunduki akatupa mu muto. Alikuwa peke yake. Anaomba musamaha kwa Mungu na kwa serikali.

Ilikuwa mara ya tatu anasema. Mara zote tatu, maneno yalikuja mu mustari uleule, na "kwa serikali" ikafika palepale, vile batoto banasomaka katekisimu mbele ya padri: ukibakata katikati, banarudia ku mwanzo.

"Bunduki ilikuwa nzito?"

"Nzito."

"Nzito kama nini?"

Mutoto akatazama mulango. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba kama ndizi iliyoiva. Batu ba cachot, bafungwa benzake, ndivyo balimukaribisha. "Nzito kama bunduki," akajibu.

Séphora, polisi kijana aliyekuwa anaandika, akakohoa juu ya kuficha kicheko. Kalala hakucheka. Huyu Kalala alikuwa Muluba wa Kasai, serikali ilimutuma Butembo miaka tisa sasa, na mu ile miaka tisa alijifunza kitu kimoja: uongo wa Butembo unakuja umefuliwa na kupigwa pasi. Ukweli njo unakujaka muchafu.

Sasa sikia vile kesi ilikuwa. Timothée Syauswa, motard wa miaka makumi tatu na moja, balimupiga risasi mbili ku mugongo. Kesho yake bakapata pikipiki imelala mu mikaratusi. Na ku échappement, ile bomba ya moshi, kulikuwa kipande cha jeans kimeshikamana na ngozi ya mutu. Ngozi kubwa kama kiganja. Mwizi alianguka na pikipiki, ikamulalia muguu ingali moto. Mutu wa kuacha ngozi vile, mu siku ine hajapona. Mu siku ine bado ananuka.

Siku ya Mungu, kisha misa ya pili, mwanamuke moja anaitwa Florentine aliingia ku polisi, mukono moja unavuta mutoto wake, mukono wa pili unashika karte ya ubatizo ndani ya plastiki. "Muuaji njo huyu," akasema. "Lakini muangalie miaka. Ni mutoto." Alikuwa hajatafutwa na mutu.

Na miaka ilikuwa njo kila kitu. Mutu hajatimiza kumi na minane, anabaki hapa Butembo, anapelekwa kwa juge wa batoto, anafungiwa mu nyumba ya kulea, kisha siku moja anarudi kwa mama yake. Mutu mukubwa aliyeua na bunduki ya vita, tangu état de siège, jeshi likishika utawala, anaenda Beni kwa bajuge ba jeshi. Kule, kifo kinaandikwa na bic, kama neno lingine.

Karte ya ubatizo ilisema Kakule alizaliwa 2009. Lakini jana Séphora alipekua nyumba, akapata chini ya godoro karte ya uchaguzi: sura ya Kakule, jina ya Kakule, mwaka 2004. Kwa ile karte, alikuwa na miaka makumi mbili na moja. Magistrat wa jeshi alikuwa tayari mu barabara kutoka Beni, anakuja kumubeba.

Kalala akatoka ku veranda. Bamotard balijaza barabara, banapiga honi pamoja. Mbele yao alisimama Ornella, mujane wa Timothée, kitambaa cheusi ku kichwa, viatu vya bwana yake ku miguu.

"Inspecteur, banasema muko nahesabu miaka yake."

"Tunatafuta, Mama."

"Munatafuta nini? Ile risasi iliuliza Timothée kama mutu aliyeipiga ameota ndevu?" Hakupandisha sauti. "Bwana yangu alikufa kufa ya mukubwa. Hakukufa kidogo."

"Na kama si huyu?"

"Kama si huyu, uniletee yule. Lakini leo mutu moja anapanda jeep ya Beni."

Motard moja akapaza sauti nyuma: "Chef! Kama ni mutoto, mutupatie sisi tumulee!" Bakacheka, honi zikaanza tena. Mwingine: "Mutoto wa nyoka ni nyoka, Muluba! Kwenu munamupakaka poda?"

Kalala akarudi ndani.

Ku mulango wa nyuma alikuwa anamungojea Bénite, muuza viazi wa barabara ya Maboya. Alikuja na ndoo yake ya viazi juu batu bafikiri anauzisha. Siku ile ya tano njo yeye aliona mutu anatoka mu mikaratusi anachechemea, akamuomba kitu cha kupaka. Bénite alimupatia unga ya muhogo, kopo mbili. Kalala akamusimamisha nyuma ya pazia, amuonyeshe Kakule bila Kakule kumuona.

Bénite akatazama kitambo kidogo tu.

"Huyu?" akanong'ona. "Weee, Chef. Huyu bado ananukia maziwa. Yule alikuwa na ndevu hapa, na muguu yake, Mungu wangu, kama nyama banasahau ku makala. Lakini..."

"Lakini?"

"Ile pua ni moja. Balikatiwa ku muti moja, huyu na yule."

"Wasingya, aksanti, Mama. Utaweka kidole hapa chini ya maneno yako."

Bénite akabeba ndoo yake ku kichwa kabla Kalala hajamaliza.

"Hapana, Chef. Mimi naikalaka ku barabara, viazi mbele, nyuma hakuna mutu. Yule mutu iko inje. Wewe utanilinda na nini, na ile table yako ya miguu tatu?" Akatazama table, na ilikuwa kweli, muguu wa ine ulikuwa matofali. "Nilisema kwa masikio yako. Kwa karatasi, sikusema kitu."

Akaenda zake. Kalala alijua kama akimulazimisha, atasema hajawahi kuona mutu wala mikaratusi.

Akamuambia Séphora amuingize mama ya mutoto.

Mama Florentine aliingia na kikapu cha chakula, bukari na lengalenga, ingali na moshi. Alikuwa mwanamuke wa karibu miaka makumi tano na tano, mikono ya jembe, kitenge cha misa. Akaikala ku ncha ya kiti.

"Iko anakula, Papa Inspecteur?"

"Atakula. Mama, ulizaa batoto wangapi?"

"Wale bako? Batano."

"Wote. Bafu na bazima."

Akahesabu ku vidole. "Paluku, iko Kampala. Masika, aliolewa Oicha. Kambale, Ebola ilimubeba. Kakule, huyu. Kisha basichana babili."

Bic ya Séphora ikasimama.

Kalala hakumutazama mama. Alitazama ile bic. Séphora alikuwa binti wa hapahapa, Munande kwa baba na kwa mama, na sasa uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya ville morte, muji wote ukigoma.

"Séphora, mbona hauandike?"

"Naandika, Chef."

"Uliandika Kambale. Kisha Kambale, nani?"

Séphora akainua macho kwa mama. Mama Florentine naye akamutazama, na macho ya bale banamuke babili yakakutana, na katika ile dakika moja mama akajua nini kilitoka mu kinywa chake.

"Mama," Kalala akasema polepole, "mimi ni mugeni hapa, lakini miaka tisa ni mingi. Siku za kwanza nilikuwa nauliza: mbona huu muji uko na bakina Paluku elfu moja? Bakanicheka, kisha bakanifundisha. Ku Banande jina ni namba. Muvulana wa kwanza Paluku. Wa pili Kambale. Wa ine Kakule. Na mutoto akikufa, ata bado hajafumbua macho, anaenda na namba yake. Mudogo wake hawezi kumuibia. Ni vile?"

"Ni vile."

"Basi nihesabie tena bavulana."

Mama akalamba midomo. "Paluku. Kambale. Kakule."

"Wa tatu iko wapi?"

"Alikufa."

"Lini?"

"Zamani. Alikuwa kitoto."

"Kaburi?"

"Nyuma ya nyumba. Ku migomba."

"Vizuri. Séphora, acha bic, tafuta jembe. Twende tufukue mifupa ya wa tatu, Kasereka, mama yake atatuonyesha mahali."

Séphora akasimama kweli. Mama Florentine akaweka mikono yote mbili ku kinywa, kama mutu anataka kurudisha neno ndani. Kwao, kumusema mutoto muzima kama mufu ni kumuchimbia shimo kweli, na sasa alikuwa amemulaza mule na kinywa chake mwenyewe.

"Hapana! Hapana fukua."

"Juu ya nini?"

"Hakuna mutu mule." Akashusha mikono. "Iko. Kasereka iko."

"Na ule muguu wake, munapaka nini?"

"Dawa ya meno," akajibu haraka, vile mama yeyote angejibu juu ya kidonda cha mutoto wake. Kisha akafunga macho.

Séphora akaikala tena. Hakuna aliyemuambia aandike, lakini aliandika.

Inje honi zilikuwa zinalia kama mbuzi ziko nachinjwa pamoja. Kalala akavuta kikapu cha chakula, akafunua, akafunika.

"Iko Manguredjipa," akasema. "Ku mashimo ya dhahabu, kule kila mukimbizi anajifichaka. Ni kweli?"

Mama akainamisha kichwa.

"Na mulikaa kikao cha familia. Mulisikia ku redio kama mutoto hauawe na sheria. Mukasema: tutoe mudogo, atafungwa kidogo, atarudi. Mukubwa akimbie. Mulimufundisha maneno siku ngapi?"

"Usiku moja," mama akasema. "Kakule iko na akili. Anashikaka haraka."

Kalala akafungua droo, akaweka karte ya uchaguzi juu ya table, mbele yake.

"Na hii, mulisahau?"

Mama Florentine akaitazama kama vile mutu anatazama nyoka mu kitanda cha mutoto. Hakujua kusoma, lakini namba alizijua.

"Ile ni ya barrière! Papa, ile ni ya barrière tu! Kasereka alimupeleka ku mashimo wakati wa likizo, askari ba njiani banasumbuaka vijana bila karte. Tukamuongezea miaka. Batoto bote ba mutaa banafanya vile! Uulize!"

"Najua."

"Kakule ni wa 2009! Nilimuzaa mwaka mvua ilibeba daraja letu!"

"Najua, Mama. Lakini kwa serikali, mvua haiandike. Magistrat wa jeshi anakuja na jeep. Akiamini hii karte, mutoto wako ni mutu muzima, ameua na bunduki ya vita, na amekubali kwa kinywa chake. Beni hawatamupeleka mu nyumba ya kulea."

Mama akaanguka ku magoti. Kalala akamuacha pale. Alitaka yale magoti yafanye kazi.

"Nisikilize. Sheria inasema: mashaka juu ya miaka, faida ni ya mutoto. Wewe ni mama. Ukisimama mbele ya magistrat, ukasema 2009, na karte ya ubatizo mukononi, anamuacha hapa. Kakule akiwa mutoto, dossier inabaki yangu. Nitakuwa na wakati. Nitaenda Manguredjipa, nitapandisha suruali ya kila muchimbaji mpaka nipate ule muguu. Na mudogo atarudi nyumbani. Kakule akiwa mukubwa, jeep inamubeba, dossier inafungwa, na mimi sina tena kitu cha kufanya. Njia yako ni moja tu. Unaiona?"

Alifikiri amemusimamishia ngazi.

Mama Florentine akainua uso. Machozi yalikuwa yamekauka ghafula, kama maji juu ya bati la moto.

"Dossier ikifungwa," akauliza, "hakuna mutu anaenda Manguredjipa?"

"Hakuna mutu."

Akasimama, akapangusa magoti, akafunga kitenge chake muzuri.

"Jeep inafika saa ngapi?"

Ilifika saa tano na nusu. Magistrat alikuwa mwanamuke wa Kinshasa, jina yake Mélanie, grade ya capitaine, mavumbi ya barabara mpaka ku nyusi. Askari babili balimufuata. Kwa Kalala alipana mukono bila kuikala.

"Inspecteur, sina wakati, batu bako inje bananipigia ngoma. Iko na kumi na sita ao makumi mbili na moja?"

"Kumi na sita. Na si yeye alipiga. Mutazame miguu yake."

Akamuonyesha. Akasema juu ya ngozi, juu ya ndugu, juu ya jina linalokosa katikati. Mélanie alisikiliza yote, na kwa haki yake, aliinama akatazama ile miguu kwa kweli. Alikaa ameinama vile mutu anaangalia mahali angetaka kupata kitu.

"Kuko shahidi ameweka kidole chini ya maneno yake?"

"Hakuna."

"Yule ndugu, kuko mutu atasema iko muzima?"

Kalala akageukia mama. "Mama. Sema mwaka."

Mama Florentine alikuwa amesimama ku ukuta, karte ya ubatizo mu mukono. Akaikunja ndani ya plastiki yake mara mbili, mara tatu, akaiingiza mu kifua.

"Hii karte nilidanganya nayo," akasema. "Ni ya mutoto mwingine, wa jirani. Huyu ni mukubwa. Ile ingine njo ya kweli. Na wa tatu alikufa akiwa kitoto. Nilimuzika mwenyewe."

"Mama!" Séphora akapaza sauti. Alikuwa hajapewa ruhusa ya kusema. "Mama, wewe ulisema..."

"Nilisema juu niliogopa. Uandike vile ninasema sasa, binti."

Kalala akamukaribia mpaka akasikia moshi wa jikoni mu nguo zake. Akasema chini, kwake tu: "Ulimuzaa huyu."

"Nilibazaa bote." Hakumukimbia kwa macho. "Kasereka iko na batoto batatu, na bibi yake iko na mimba. Kakule hana mutu nyuma yake. Wewe ulinionyesha njia, Papa. Mimi nimeipita."

Mélanie akafunga dossier. "Yangu iko na aveu, amekubali mwenyewe, iko na karte, iko na mama," akasema. "Yako iko na nini, Inspecteur? Muguu bila alama ya moto." Na kisha, chini kidogo: "Ungenipatia karatasi moja ya kidole. Moja tu."

Askari wa kwanza akafunga Kakule pingu. Zilikuwa pingu za batu bakubwa. Mukono ukapita, pingu ikabaki inaning'inia. Akazikaza mpaka jino la mwisho. Mukono ukapita tena. Mutoto mwenyewe akajaribu kusaidia, akapanua vidole vyake juu pingu ishike. Askari akatukana kwa Lingala, akatosha kamba ya ku jeep, akamufunga na ile.

Bamotard balikuwa bameanza kuimba. Ornella alikuwa amekaribia mpaka ku ngazi.

Askari wa pili akaweka karatasi juu ya table ya Kalala, ile karatasi ya kujaza mbele ya kupandisha mutu. Jina. Jina ya baba. Kazi: hana.

"Miaka?"

Kakule akafungua kinywa, akakifunga. Hii haikuwa mu maneno balimufundisha. Akageuka ku ukuta, pale mama yake alikuwa.

"Mama," akauliza, "niko na ngapi?"

"Makumi mbili na moja."

Mutoto akarudia kwa askari, muzuri, vile alikuwa anarudiaka kila kitu.

"Makumi mbili na moja," akasema, na sauti ikamukatikia katikati, nusu ya kwanza nzito, nusu ya pili nyembamba, ile sauti ya bavulana ingali inavunjika.